Nyungunyungu na Historia ya Mboji

MTANGAZAJI:  

Historia ya leo haina mfalme wala vita. Ni ya nyungunyungu, yule mnyoo wa udongoni ambaye watoto humtia kwenye ndoana.

Mwaka 1837 huko Uingereza, Charles Darwin, akiwa kijana wa miaka 28, alionyeshwa malisho na mjomba wake. Chokaa iliyomwagwa juu ya majani miaka ya nyuma sasa ilikuwa imefunikwa na udongo, na hakuna aliyelima pale. Mjomba alidhani ni kazi ya nyungunyungu. Darwin hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1881 alitoa kitabu kizima juu yao. Aliwafuga kwenye vyungu chumbani, akawapigia filimbi, wasisikie. Alipoweka vyungu juu ya piano, wakakimbilia mashimoni, maana walihisi mtikisiko. Cheka tu, lakini ndiye aliyepiga hesabu kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita matumboni mwao kila mwaka.

Kuwafuga ndani ya boksi wale maganda ya jikoni kulienea baadaye. Mwalimu wa Marekani, Mary Appelhof, alitoa kitabu cha kazi hiyo mwaka 1982.

Habari inayotugusa sisi ni ya Kuba. Nchi hiyo ilitegemea mbolea na mafuta kutoka Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1991 Usovieti ikavunjika, meli zikapungua, na mgao wa chakula ukapungua. Neno hilo hapa kambini halihitaji maelezo. Watu wa Havana wakapanda mboga kwenye viwanja vilivyokuwa wazi mjini, na sehemu ya mbolea yao ikatoka kwa nyungunyungu waliolishwa samadi na mabaki ya mboga.

Sasa wewe, mama mwenye lengalenga mbili tatu ukutani. Usichimbe wale wa chini kabisa ardhini, hao hufa kwenye ndoo. Tafuta wadogo wekundu wanaokaa kwenye samadi ya ng'ombe au chini ya migomba iliyooza. Toboa ndoo chakavu chini, tandika majani makavu na samadi iliyopoa, iweke kivulini. Unyevu uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Walishe maganda ya ndizi na viazi, na mabua ya sombe yaliyokatwakatwa. Chumvi, mafuta, nyama na maganda ya limau, hapana. Kinyesi cha choo usiweke kamwe, kina magonjwa.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona kitu cheusi kama udongo wa msituni, kisichonuka. Kikinuka, umewalisha kupita kiasi, basi acha siku chache. Na funika ndoo, kuku wa jirani hawana adabu.