Kirusi cha Kompyuta: Historia Yake na Kinga Yake

Mwanafunzi wa mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, ampapo mchapaji flashi yake ili amtolee insha, humkabidhi amana. Kwa kuaminiana kama huko ndiko kirusi cha kompyuta kilikopata njia ya kuenea duniani.

Jina lenyewe lina historia. Virusi ni neno la asili ya Kilatini, lenye maana ya sumu. Waswahili walilisikia kama wingi wa KI-VI, wakalipatia umoja: kirusi. Mwaka 1984 Mmarekani Fred Cohen aliandika juu ya programu iliyojinakili ndani ya nyingine, akaiita kwa jina hilo la maradhi.

Lakini kitu kilitangulia jina. Mwaka 1971 Creeper, iliyotungwa na Bob Thomas, ilihama kompyuta hadi kompyuta katika mtandao wa ARPANET. Ikatungwa Reaper kuifuta. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitoa Brain, nayo ikavuka bahari ndani ya diski zilizopokezanwa mkono kwa mkono.

Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili ya hospitali nyingi Uingereza. Microsoft ilikuwa imeuziba ufa huo tangu Machi. Waliosasisha programu zao walisalimika.

Basi kinga haimo katika mashine peke yake. Yatupasa sisi walimu kuwazoeza vijana kuikagua flashi kabla ya kuifungua, kusasisha programu, na kuweka nakala ya kazi mahali pengine. Amana hutunzwa na pande zote mbili.