Samaki Anayevua Kasa

Vijana wangu kambini wanapenda michezo ya kuwinda wanyama wa sayari nyingine. Nawaambia, basi sikilizeni ya pwani yetu ya Waswahili. Wavuvi walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia baharini. Akimfikia kasa anamng'ang'ania kwa kichwa, mvuvi anavuta polepole, kamba isikatike. Mwingereza Holmwood, aliyekuwa Zanzibar, aliyaandika haya mwaka 1884. Gamba la ng'amba lilikuwa mali, liliuzwa ng'ambo. Baadaye kule Vamizi, jicho lilelile la kusoma alama mchangani likawa la kulinda mayai. Septemba 2020 vita vikafika kisiwani, watu wakakimbia. Kasa akikua hurudi kutaga pwani alikozaliwa. Sisi je? Tuwaulize wazee leo, kabla ujuzi haujapotelea hemani.