Mkondo, Ukinzani na Nguvu: Historia Fupi ya Maneno ya Umeme katika Kiswahili cha Maniema

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hesabu nyepesi ya umeme ina historia ya maneno nyuma yake, na kwamba maneno hayo yakichanganywa, waya huungua.

Mwaka 1827 mwalimu Mjerumani, Georg Ohm, alieleza kitabuni uhusiano wa msukumo wa umeme, mkondo wake na ukinzani wa waya. Mwaka 1881 wataalamu waliokutana Paris waliidhinisha majina ya ohm, volti na ampea. Wati ikafuata mwaka 1889. Miaka ya mkutano ule wa kwanza, Kasongo ilikuwa kituo kikuu cha Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, na Kiswahili cha waungwana kilikuwa kimekwisha kuingia Maniema. Mwezi Aprili 1893 mji ulitekwa na majeshi ya Dhanis. Utawala ule ulianguka, lugha ilibaki. Lakini elimu ya umeme ilipofika, ilikuja kwa Kifaransa.

Kwa hiyo, kutoka Kasongo na Wamaza hata Kabambare, neno la Kifaransa courant limebebeshwa mizigo mitatu: umeme wenyewe, msukumo wake na mtiririko wake. Taa ikififia, mtu husema courant ni ndogo, nasi hatujui kama anasema juu ya volti au ampea. Kiswahili sanifu kimeitenganisha mizigo hiyo: umeme, volteji na mkondo, kisha kikaongeza ukinzani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Faida ya utengano huo huonekana katika hesabu. Ukinzani ni volti kugawanywa kwa ampea: R = V/I. Nguvu ni volti mara ampea: P = V × I. Herufi I yenyewe imetoka katika neno la Kifaransa intensité. Tuchukue taa ya wati 60 kwenye jenereta ya volti 220. Mkondo ni 60/220, yaani ampea 0.27, ukinzani wa taa inapowaka ni karibu ohm 807. Sasa tuchukue taa nyingine ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa kwa jua. Mkondo ni ampea 5, na ukinzani ni ohm 2.4 tu.

Wati ni zilezile, lakini mkondo umezidi mara 18 hivi. James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Basi waya uleule utapata joto mara 336 hivi. Anayesema kwamba volti 12 ni courant ndogo, akachagua waya mwembamba, amedanganywa na neno kabla ya kudanganywa na fundi.

Hatusemi courant ifukuzwe vinywani mwa watu. Neno lililokwisha kuota mizizi haling'olewi kwa amri. Twasema tu kwamba darasani lipewe ndugu zake. Mtoto wa Kabambare anaujua mto Luama: anajua kwamba mteremko si maji yapitayo, wala maji yapitayo si mwamba unaoyazuia. Mkondo ni neno la mto kabla ya kuwa neno la waya. Mwalimu aanzie hapo.