Mabega Yaliyoubeba Mji Mkongwe

Teksi itokayo uwanja wa ndege wa Zanzibar humfikisha mgeni Forodhani, Darajani au Malindi. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya Mji Mkongwe ni vichochoro visivyopitika kwa gari, na sanduku lazima libebwe au liburutwe mpaka mlango wa nyumba ya wageni. Nani alibebe, na kwa bei gani? Suala hilo lilikuwepo mjini humu kabla ya hoteli ya kwanza kufunguliwa, na anayetaka kulijibu kwa haki hana budi kujua lilikotoka.

Katika karne ya 19, Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, mji ulijaa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na nguo kutoka Marekani. Meli zilitia nanga majini, mashua zikaleta shehena ufukweni, na kuanzia hapo kila kitu kilikwenda kwa mabega. Pembe zenyewe zilikuwa zimekwisha kubebwa miezi kadhaa kutoka bara na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akichukua karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mjini zilipokewa na mahamali. Mzigo mzito waliutundika kwenye mpiko, wakaubeba wawili au wanne huku wakiimba kwa kupokezana ili hatua zilingane. "Simile!" walipaza sauti, na wapita njia wakajibana ukutani.

Unafuu wa bei alioupata mfanyabiashara katika uchukuzi huo ulikuwa na sababu chungu. Wengi wa wabebaji walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, na ujira wao uligawanywa na mabwana zao. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa Unguja hadi 1897. Miaka 24 yote hiyo, katika mji usio tena na soko la watu, mtumwa aliweza kubeba gunia la karafuu mchana na kumpelekea bwana wake fedha jioni.

Baadaye kazi ya uhamali ilishikwa kwa kiasi kikubwa na Washihiri, waliofika kutoka Hadhramaut kwa majahazi ya kaskazi. Mashine nazo zilijaribu kuingia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli ya kama kilomita 11 kutoka mjini hadi Bububu, ila haikudumu hata miaka 30. Gati la Malindi lilipojengwa katika miaka ya 1920, meli ziliweza kufunga ukingoni, lakini bado palihitajika watu wa kuzipakua. Agosti 1948 watu hao wa bandarini waligoma wakidai ujira unaolingana na gharama za maisha. Mgomo ukaenea mjini, na biashara ikasimama. Kila aliyekuwa amewazoea kama sehemu ya mandhari ya bandari aliona siku hizo thamani ya kazi yao.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuhifadhi mji ni kuhifadhi na wembamba wa njia zake, kwa hiyo mchukuzi na mkokoteni wake wangali na kazi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, karibu frasila moja na nusu, na mara nyingi mzigo huo wote hupandishwa ngazi za mbao zilizo wima.

Msafiri mwenye fedha kidogo anazo njia za kupunguza gharama bila kumpunja mtu. Afungashe begi analoweza kulibeba mgongoni mwenyewe. Amuulize mwenyeji wake bei ya kawaida kabla ya kufika, na akubaliane na mchukuzi kabla mzigo haujainuliwa. Siku ya kuondoka aombe kuliacha begi mapokezi hadi saa ya safari, asilipie chumba cha ziada. Bei ikishakubaliwa, ailipe yote na kwa mkono wa yule aliyebeba. Mji huu ulikwisha kuona unafuu uliotolewa kwenye ujira wa mchukuzi. Anayetaka unafuu leo aupunguze mzigo.