Meya wa mji na heshima yake

Wanafunzi wetu wanajua vizuri kusimama wakati mkubwa wa mji anaingia. Ukiwauliza sababu gani, wanajibu: «Juu ni mukubwa.» Jibu hilo halitoshi. Heshima ya meya iko na historia yake, na inafaa tuitazame.

Tuanzie ku desturi. Kwa Waluba wa Katanga, mtu akifika mbele ya mulopwe aliinama chini, akapiga makofi na kujipakaa pemba, ule udongo mweupe. Alileta na ushuru. Lakini mulopwe naye alikuwa na deni: vitu vilivyomfikia havikuwa vya kula peke yake, ilimpasa kuvigawa. Tena kulikuwa Bambudye, kundi la wenye kuchunga historia ya ufalme kwa msaada wa ubao uitwao lukasa. Hao waliweza kumkumbusha mulopwe mipaka yake. Kwa hiyo heshima ilikuwa na pande mbili: watu wanainama, na mkubwa anajibu juu ya kazi yake.

Mji ulileta namna ingine. Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, na wakubwa wake wote walitoka kwa wakoloni. Mwaka 1931 dekre moja ilitengeneza makao ya watu weusi nje ya utawala wa desturi. Chifu wa makao hayo alitegemea Wazungu. Watu walimvulia kofia, ila Bambudye wa kumuuliza neno hawakuwako tena.

Tarehe 26 mwezi wa 3, 1957, dekre ingine ilipanga miji na makomine. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule, watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville (leo Likasi) walichagua washauri wa komine. Walipiga kura wanaume wenye miaka 25 na zaidi, wanawake, hapana. Mkubwa wa mji mzima, aliyeitwa burgumestre wa kwanza, aliendelea kuteuliwa na serikali ya kikoloni. Hata hivyo, watu weusi walianza kuongoza makomine. Kule Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu alisimikwa burgumestre wa Dendale tarehe 20 mwezi wa 4, 1958. Siku kama ile wengi walingojea hotuba ya kushukuru. Yeye aliomba uchaguzi wa kweli na watu wajitawale. Wakoloni hawakufurahi, lakini raia walielewa kwamba mtu anaweza kufuata protokole na kusema ukweli palepale.

Huku Elisabethville, wengi katika maburgumestre wapya walikuwa na asili ya mikoa ingine. Swali la «mkubwa huyu ni wa nani?» likawa kali, na ni moja ya sababu zilizozaa chama cha Conakat mwezi wa 10, 1958. Tunajua machozi yaliyofuata. Burgumestre ni wa wakaaji wote wa komine; akishakuwa wa kabila moja, heshima yake inavunjika.

Wakati wa Zaire majina yaligeuka. Meya akawa komisere wa mji, na huyohuyo aliongoza MPR katika mji. Neno «bwana» likaachiwa nafasi «sitwayen», koti la Kizungu likaachiwa nafasi abakosti, na watu wakatoka kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Makofi yalikuwa mengi sana, lakini hesabu ya kazi ilipelekwa juu, haikushuka kwa raia.

Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, inasema meya na msaidizi wake wachaguliwe na baraza la mji. Hata hivyo miaka mingi ilipita mameya wakiteuliwa na Rais wa Jamhuri, kwani uchaguzi wa washauri wa makomine ulikawia mpaka mwezi wa 12, 2023, na haukufanyika ku makomine yote.

Basi vijana tuwafundishe nini? Adabu wazijue: meya anaalikwa kwa barua mbele ya wakati, anapokelewa ku mlango, anapewa kiti cha mbele, na msemaji anataja wakubwa kwa cheo chao, gavana kwanza akiwako, halafu meya. Kwa ndoa ya Leta, burgumestre akisimama na esharpe yake mabegani, wote wanasimama, sababu anasema kwa jina la sheria. Ile esharpe si ya ukoo wake. Siku akitoka kazini, ataiacha.

Wajifunze pia kuuliza, kwa sauti ya adabu: takataka za soko zinaenda wapi? Feza ya ushuru ilifanya kazi gani? Wazee walisema heshima si utumwa. Bambudye hawakumtukana mulopwe, walimkumbusha. Kazi ile, leo ni ya raia wote wa mji.