Kionjo cha Mafuta

Historia ya nchi huandikwa mara nyingi kwa habari za vita, za watawala na za mipaka. Lakini kuna historia nyingine, nayo imo katika vitu vidogo ambavyo watu huvinunua kila juma na kuvitumia kila siku bila kuvifikiri sana. Kimoja cha vitu hivyo ni kionjo, yaani kiasi kidogo cha kitu ambacho mnunuzi hupewa, au hukinunua kwa fedha chache, ili akijaribu kabla hajatoa fedha nyingi. Katika makala haya tutatazama kionjo cha mafuta, cha sabuni na cha krimu za mwili katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki na ya kusini ya Mlima Kenya. Tutaona jinsi mkono wa mnunuzi ulivyoweza zamani kupima alichopewa, na jinsi ulivyopoteza uwezo huo kidogo kidogo.

Tuanze na mbarika. Mmea huu huota kando ya mashamba na penye mahame, na Wameru na Waembu huuita mwariki, kama wafanyavyo jirani zao Wakikuyu. Mbegu zake zina mafuta mengi mazito. Kuyatoa ni kazi ya subira: mbegu hukaangwa, zikatwangwa kinuni, kisha unga wake ukachemshwa katika chungu cha maji. Mafuta huelea juu, nayo huenguliwa na kuchemshwa tena mpaka maji yaishe kabisa. Ndani ya mbegu hizo mna sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiingii katika mafuta, bali hubaki katika makapi, na moto wa kuchemsha huiharibu. Wazee hawakuwa na jina hilo la risini, lakini utaratibu wao wa moto na maji uliwakinga na hatari yake.

Mafuta hayo yalikuwa na kazi nyingi. Yalilainisha ngozi za mbuzi zilizovaliwa kama nguo, na yalipakwa mwilini kuzuia mkauko wa upepo wa mlimani na wa jua la nchi za chini, upande wa Mbeere na Tharaka. Yakichanganywa na udongo mwekundu yalikuwa pambo la ngoma na la sherehe, na mtu aliyeng'aa kwa mafuta alihesabiwa kuwa ametunzwa vizuri na watu wake.

Sasa fikiri, msomaji, jinsi mtu alivyoweza kuyapima mafuta hayo. Aliyatazama rangi, yaliyoungua yalikuwa meusi. Aliyanusa, yaliyochacha yalijitangaza yenyewe. Alipaka tone moja juu ya mkono, akasugua, akaona kama yanateleza au yana mchanga. Kwa hukumu hizo tatu, jicho, pua na ngozi, alikuwa amekwisha kujua karibu yote yaliyofaa kujulikana. Tena mpishi wa mafuta alikuwa mtu wa kijiji au wa soko, na kama mafuta hayakuwa mema, mnunuzi alijua mlango wa kubisha. Kionjo kilikuwa na nguvu kwa sababu mbili: kitu kilichoonjwa hakikuwa na siri nyingi, na aliyekitengeneza hakuwa mbali.

Mambo yalianza kubadilika Waingereza walipoishinda Embu mwaka 1906, na muda mfupi baadaye wakaingia Meru. Nyuma yao walikuja wamisionari. Waanglikana walianza kazi Kigari karibu na Embu mwaka 1910, Wamethodisti wakajenga Kaaga mwaka 1912, na Kanisa la Scotland likafika Chogoria mwaka 1922. Pamoja na kusoma na kuandika, shule za misheni zilifundisha usafi wa maji na sabuni. Mafuta na udongo mwekundu viliitwa uchafu na mambo ya ushenzi, na mwanafunzi alitakiwa kuviacha.

Si haki kudhani kwamba watu waliacha mafuta ya mbarika kwa kukemewa tu. Palikuwa na sababu nyingine iliyo wazi, nayo ni nguo. Ngozi ya mbuzi hupenda mafuta. Kitambaa cha pamba hakiyapendi. Shati jeupe likigusa mwili uliopakwa mafuta na udongo huharibika siku ile ile, na mafuta hayatoki kitambaani ila kwa sabuni. Kwa hiyo aliyenunua shati alijikuta anahitaji sabuni, na aliyezoea kuoga kwa sabuni aliona ngozi yake inakauka, akatafuta mafuta mepesi yasiyoacha doa kubwa. Mafuta hayo yalikuwa tayari dukani. Vaseline, iliyotolewa katika mafuta ya petroli ya ardhini, ilikuwa imepewa hataza huko Marekani na Robert Chesebrough tangu mwaka 1872. Hivyo shati, sabuni na mafuta ya kopo viliingia nyumbani kwa kufuatana, kimoja kikimwita mwenzake.

Lakini vitu hivi vilitaka fedha. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa, ruhusa ambayo wengine wengi walinyimwa kwa miaka mingi zaidi. Mbegu za mbarika zenyewe ziliuzwa kwa wafanya biashara na kupelekwa ng'ambo. Tazama ajabu hii: mbegu iliyokuwa mafuta ya nyumbani iliuzwa ili inunuliwe sabuni ya kiwanda.

Hata hivyo fedha hizo hazikuwa nyingi, na hapo ndipo mwenye duka alipojifunza kukata. Sabuni ya mche ilikatwa kwa kisu au kwa uzi vipande vidogo, kila kipande kikauzwa peke yake. Mafuta ya kujipaka yalichotwa katika kopo kubwa na kupimwa kwa kifuniko au kijiko. Kipande hicho kilikuwa kionjo cha namna mpya. Mzee wa zamani alionja mafuta bure ili apate kununua kibuyu kizima. Mwenzake wa miaka ya baadaye alinunua kipande kwa senti chache kwa sababu mche mzima ulimshinda. Akipendezwa alirudi siku ya soko iliyofuata. Asipopendezwa hakupoteza kitu kikubwa.

Wenye viwanda nao waliutambua uwezo wa kitu kidogo. Katika miaka ya 1950 na 1960 magari ya sinema yalizunguka katika vijiji vya Kenya. Jioni watu walikusanyika uwanjani kutazama picha za kuchekesha, na katikati ya picha hizo wakaonyeshwa sabuni na vitu vingine vya kununua. Huko New York, Estée Lauder, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946, alijipatia sifa kwa kuwagawia wanawake vionjo vya krimu zake bure, akiamini kwamba atakayeonja atarudi kununua. Hakukosea, na desturi hiyo imeenea ulimwenguni kote.

Lakini katika mabadiliko hayo jambo moja kubwa lilipotea bila kelele. Aliyetengeneza hakuonekana tena. Mnunuzi wa Runyenjes au wa Nkubu alikuwa na kionjo mkononi, ila hakuujua moto ulioyachemsha mafuta wala vilivyotiwa chunguni. Alibaki na jicho lake, pua yake na ngozi yake, hukumu zile zile tatu za mababu zake, lakini kitu alichokipima kilikuwa kimekwisha kuwa na siri.

Siri iliyo mbaya kupita zote ilikuwa zebaki. Katika miaka ya 1960 krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zilitangazwa sana katika magazeti ya Afrika Mashariki, na nyingi zilitiwa chumvi za zebaki. Palizuka mabishano makali. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alitoa utenzi wake Song of Lawino, ambamo mke wa kijijini anamlaumu mwanamke wa mjini anayejipaka poda na kutaka kufanana na Wazungu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, huko Tanzania, ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita sketi fupi, nywele za bandia na krimu za kubadili rangi. Mabishano hayo yalihusu heshima na utamaduni, na pande zote zilikuwa na la kusema. Wachache tu ndio waliouliza krimu hizo zina nini ndani.

Jibu lilitoka hospitalini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo, ambao miili yao ilivimba kwa sababu figo zilikuwa zikiivujisha protini ya damu katika mkojo. Madaktari waliwauliza wagonjwa hao juu ya mambo mengi ya maisha yao, wakagundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipoziacha.

Yafaa tufahamu jinsi mambo haya yanavyotendeka. Rangi ya ngozi yetu hutokana na melanini, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Zebaki hukizuia kimeng'enya hicho, na ngozi huanza kuwa nyeupe. Lakini zebaki haikai juu ya ngozi tu. Hupenya, huingia katika damu, na hukusanyika katika figo, ambazo ndizo chujio la mwili. Mtumiaji haoni lolote kwa majuma, pengine kwa miezi, isipokuwa lile alilolitaka, yaani uso unaong'aa.

Hapo ndipo kionjo kinapogeuka kuwa shahidi wa uongo. Ukipaka kiasi kidogo cha krimu ngeni upande wa ndani wa mkono, ukangoja siku moja au mbili, utajua kama ngozi yako inawashwa, inavimba au inatoka vipele. Hilo ni jaribio jema, na kila mtu anapaswa kulifanya. Lakini jaribio hilo haliwezi kukwambia habari za figo. Krimu yenye zebaki huweza kuwa laini na kunukia vizuri, ikampendeza mwonjaji siku ya kwanza na ya kumi. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa kuwa mkono wa mnunuzi haukuweza tena kufanya kazi hii, ilibidi ifanywe na maabara na sheria. Kenya iliunda Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa kwa sheria ya mwaka 1974, ili bidhaa zipimwe kwa vipimo vilivyo sawa. Mwaka 2013 mataifa yalipatana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliwaua na kuwalemaza watu wengi. Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika sehemu 1,000,000. Mwaka 2023 wanachama walikubaliana kukiondoa hata kiasi hicho, wakaweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki.

Sheria hizo ni njema, lakini zina mahali zinapopwaya, na mahali hapo ni pale pale tulipoanzia, katika kitu kidogo. Tangu miaka ya 1990 Kenya imezoea biashara iitwayo kadogo, ya sabuni, mafuta na dawa za nywele katika vipakiti vya bei ya chini. Kipakiti kilichofungwa kiwandani kina maandishi yake, japo ni madogo. Lakini krimu ikichotwa katika kopo kubwa na kutiwa katika kikebe kitupu, au ikachanganywa na nyingine kuwa mkorogo, maandishi yote hubaki kwenye kopo la muuzaji. Mnunuzi huondoka na kionjo kisicho na jina la mwenye kiwanda, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe ya mwisho. Akiumia, hana mlango wa kubisha.

Katika habari hii, basi, mna fundisho lisilohusu vipodozi peke yake. Si kweli kwamba watu wa zamani walikuwa na akili kuliko sisi, wala si kweli kwamba walikuwa wajinga waliopaka uchafu. Walipima kwa vipimo vilivyotosha kitu walichokuwa nacho. Sisi tumepata vitu vingi zaidi, na vingine ni vizuri kweli; sabuni peke yake imewaokoa watoto wengi na maradhi. Lakini tumeendelea kupima kwa vipimo vya mbarika vitu ambavyo si mbarika.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi unayepewa kionjo sokoni Gakoromone au katika duka la Embu, kipokee, kinuse, kipake mkononi, kwa maana ndiyo desturi ya wazee wako nayo bado ina faida. Kisha fanya la nne, ambalo wao hawakulihitaji: geuza kikebe usome kilichoandikwa. Kama hapana kilichoandikwa, mrudishie muuzaji kwa adabu kitu chake, umwambie kwamba mtu hapaki mwilini kitu asichokijua jina.