Dizeli na Mteremko

Ukitaka kuijua historia ya gari la dizeli katika vilima vyetu vya Kihanga, usianze na injini. Anza na mahali lilipoegeshwa. Kwa miaka mingi Landrova zililala mteremkoni, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu, maana betri mpya ilikuwa haipatikani.

Hilo liliwezekana kutokana na wazo la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Haikuhitaji cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa kutosha kuwasha mafuta. Kwa hiyo dizeli ya zamani, ikishawaka, huendelea kunguruma hata kama betri imekufa. Umeme hutakiwa kwa stata, kwa taa, na kwa zile plagi za kupasha silinda joto asubuhi ya baridi. Na asubuhi za Kihanga ni baridi kweli.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Magari mengi ya raia yalichukuliwa kusaidia vita. Baada ya hapo fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri navyo vikaadimika. Ndipo fundi wa kijijini alipokuwa mtu mkubwa. Mimi nilimshikia tochi mzee mmoja jirani yetu. Kipimo chake kilikuwa balbu ya taa ya nyuma yenye nyaya mbili, basi.

Katika Landrova za wakati ule plagi nne zilifungwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja hadi nyingine kama ndoo ya maji mkono kwa mkono. Ikifa moja, zote hukosa. Mzee aligusisha balbu plagi baada ya plagi mpaka mwanga ulipokatika. Mbovu ilikuwa hapo.

Usiku mmoja wa mwaka 1983 mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na gari pekee la karibu lilikuwa uwanjani, mahali tambarare, likilia “tik” tu. Vijana walikwisha kuinama wasukume. “Ngojeni, wanangu,” mzee alisema, “washeni taa kwanza.” Taa zikawaka vizuri, lakini ufunguo ulipozungushwa zikazimika kabisa. Betri ilikuwa na nguvu. Njia yake ndiyo iliyoziba. (Kama taa zisingepungua hata kidogo, angeikagua stata na nyaya zake.) Alifungua vichwa vya betri, akakwangua unga mweupe kwa kisu, akakaza. Injini ikashika. Mtoto alizaliwa Nyakahanga kabla ya jua kuchomoza.

Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984, magari ya Kijapani yalianza kuongezeka, na mengi yalikuwa na vali ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu. Waya wake mwembamba ukichomoka, sukuma kutwa nzima, haliwaki. Kwa maoni yangu hapo ndipo dizeli ilipopoteza uhuru wake, miaka mingi kabla ya kompyuta. Mzee alipouona waya huo mara ya kwanza aliguna, akachukua chaki, akachora mshale ndani ya boneti kuonyesha ulipo.